Mikufu Juu ya Jiwe

Dorotea alirudi kutoka msibani Magu Jumapili mchana, miguu imevimba kwa kukaa chini siku tatu, na kitu cha kwanza alichokitazama, kabla hata ya kumsalimu mtu, kilikuwa lile jiwe la uani. Jiwe lilikuwa tupu. Si kwamba vyungu vyake vya maua vimepungua, au vimesogezwa pembeni ili watu waanike nguo. Tupu kabisa, kama siku walipohamia.

Akatua begi. Mlango wa nyumba kubwa ukafunguka, akatoka Getruda, mke wa shemeji yake, kanga kifuani, uchovu wa shughuli bado umemkaa usoni.

"Pole na msiba, Mama Precious."

"Nimeshapoa, dada. Maua yangu yako wapi?"

"Maua?" Getruda akapiga miayo. "Si yalikwenda harusini jana, kwa kina Mzee Masele. Yalipendeza hayo, wee! Ungekuwepo ungelia."

"Nani aliyeyapeleka?"

"Si mumeo na shemeji yako. Waliyapakia kwenye kigari cha kirikuu tangu Ijumaa."

"Na yanarudi lini?"

Getruda akamtazama kama mtu anayeulizwa pilau ya jana inarudi lini. "Yarudi wapi tena? MC alitangaza kila meza ichukue la kwake. Mbona wanawake nusura wavunjane mikono!"

Hebu tuelewane hapa, maana kuna watu wakisikia habari ya maua wanaanza kucheka. Ua lenyewe Dorotea aliliita mkufu, kwa sababu linaning'inia, linashuka ukingoni mwa chungu nyuzi nyuzi, na majani yake ni manene na mafupi kama maharage machanga. Likiwa la kijani, yeyote pale Kirumba anaweza kuliotesha. Kulifanya liive rangi, majani yawe mekundu yanayoelekea zambarau na shina liwe jekundu tii, hapo ndipo penye kazi. Lazima likae kwenye jua kali mchana kutwa, tena linyimwe maji mpaka majani yaanze kusinyaa, ndipo lionjeshwe kidogo, kisha linyimwe tena. Miezi minane hivyo. Ukilihurumia tu, linarudi kijani na kazi yote imekwenda na maji.

Na huo ujuzi Dorotea hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na kufuli. Bomba la uani lilikuwa na kufuli na ufunguo alikuwa nao Getruda; wao wa vyumba vya nyuma walipewa ndoo mbili kwa siku, za kupikia, kuoga, kufulia, na kila kitu. Maua mengine yote aliyojaribu yalikufa kwa kiu. Mkufu peke yake ulikataa kufa. Ulikaa juu ya jiwe lile kubwa ambalo shemeji yake Alexander alishindwa kulipasua alipojenga, ukapigwa na jua juu na joto la jiwe chini, ukazidi kuwaka rangi.

Vyungu aliviita vyungu, ingawa vingi vilikuwa madumu ya mafuta ya kula aliyoyakata nusu, akayatoboa chini na kuyapaka rangi nyeupe. Arobaini. Na vyote vilikuwa na mwenyewe: Nathaniel, meneja wa nyumba mpya ya wageni kule Kigongo, karibu na daraja, alikuwa amekuja, ameviona, amevipiga picha, wakakubaliana elfu kumi na tano kwa kila kimoja. Alhamisi atatuma gari. Laki sita. Kwa laki sita hiyo Dorotea angelipa kodi ya miezi sita ya vyumba viwili alivyokwisha kuviona Buswelu, vyenye bomba lisilo na kufuli, na chenji ingebaki ya kuhamishia vitu. Mwenye nyumba wa Buswelu alikubali kumngoja mpaka mwisho wa wiki.

Miaka tisa waliishi nyuma ya nyumba ya Alexander. Pius, mumewe Dorotea, alisimamia ghala la dagaa la kaka yake kule Mwaloni, na malipo yake yaliitwa posho, maana mshahara ungekuwa na siku maalumu ya kulipwa. Precious, binti yao, alikuwa kidato cha pili sasa na bado alioga baada ya watoto wa nyumba kubwa kumaliza. Halafu eti maua yalipendeza!

*

Jumapili ile Pius hakurudi mpaka Dorotea akashikwa na usingizi wa msibani. Kwa hiyo Jumatatu asubuhi alimfuata Mwaloni. Hakutaka kugombana mbele ya wapagazi, lakini mwanaume akikukimbia nyumbani utamkutia wapi?

Alimkuta amekaa juu ya gunia la dagaa, anakunywa chai ya rangi.

"Pius, umeyafanya nini maua yangu?"

"Mama Precious, hapa ni kazini."

"Hata mimi ile ilikuwa kazi yangu. Nimekuuliza."

Pius akatazama huku na huku. Wapagazi wawili walijifanya wanafunga gunia ambalo lilikuwa limeshafungwa. "Kaka alikwama," akasema kwa sauti ya chini. "Yeye ndiye mwenyekiti wa kamati, na mambo ya mapambo yalikuwa chini yake. Mpambaji akawaangusha dakika za mwisho. Sasa ningemwambiaje? Ningemnyima kaka yangu maua?"

"Ungemwambia si yako."

"Nikakupigia, hukupatikana."

"Pius, mimi nilikuwa Magu, sikuwa kaburini. Simu yangu ilikuwa hewani siku zote tatu, na wewe ulinipigia mara mbili kuniuliza sukari iko wapi!"

Mpagazi mmoja akacheka, akajikohoza. Pius akasimama, akamshika mkewe kiwiko, akamvuta kando. "Sikiliza. Ni maua tu. Yataota tena. Wewe mwenyewe unasema kipande kidogo tu kinashika. Kaka tunakaa kwake, tunakula kwake. Huoni aibu kumdai maua mtu aliyekupa pa kulala?"

"Na Nathaniel nimwambie nini Alhamisi?"

"Mwambie asubiri."

"Na mwenye nyumba wa Buswelu?"

Pius akageuka kuwatazama wapagazi. Ndipo Dorotea akakiona kitu ambacho alikuwa hajataka kukiona: mumewe hakuwa na huzuni yoyote juu ya Buswelu. Buswelu ilikuwa mbali na kaka. Kule angekuwa baba mwenye nyumba na angetakiwa kujua mwenyewe la kufanya.

"Shemeji analipwa kwa hiyo kazi ya mapambo?" akauliza.

"Alipwe na nani? Ule ni msaada. Watu wanasaidiana."

*

Basi Jumanne akaanza kuulizia majina ya waliovichukua na kuzunguka kukusanya vya kwake. Jamani, kuna udhalili kama wa kubisha hodi kwa watu kuomba mali yako mwenyewe? Precious alikataa kumwacha aende peke yake. Kila alipotoka shule walikwenda pamoja na beseni kubwa.

Nyumba ya kwanza, mama mmoja wa Pasiansi, aliwakaribisha vizuri, akawapa maji ya kunywa, kisha aliposikia shida yao akabadilika uso. "Lakini si mlitupa kama zawadi? Zawadi inarudishwa?" Akakitoa chungu kwa ncha za vidole, akaomba abakiziwe angalau uzi mmoja. Dorotea akakata, akampa. Nyumba ya pili ua lilikuwa limewekwa juu ya televisheni, kwenye kivuli, limefungwa utepe. Nyumba ya tatu walikuwa wamelimwagilia asubuhi na jioni kwa upendo wote, na majani yalikuwa yamegeuka ute. Ukilishika linakatika kama ugali mbichi. "Tulidhani lina kiu," akasema baba wa nyumba ile, na kwa kweli alisikitika. Nyumba ya nne mlinzi hakufungua geti. Alizungumza nao kupitia tundu: mama amesema hana maua ya mtu, na kama ni shida ya hela waseme ni shida ya hela.

"Mama, turudi," Precious akasema.

"Turudi wapi?"

Kufikia Jumatano jioni walikuwa wamepata vyungu kumi na kimoja, na kati ya hivyo vilivyokuwa na afya havizidi sita. Dorotea alimpigia Nathaniel, akamweleza ukweli wote. Nathaniel alikuwa muungwana, alimpa pole mara mbili. "Lakini dada yangu, sisi tunafungua Jumamosi. Mkuu wangu anataka ukumbi ujae. Sita nitavifanyia nini? Itabidi nitafute kwingine." Na simu ikakatika pale pale, maana hapakuwa na la zaidi.

Walibakiza nyumba moja, ya Mzee Masele mwenyewe, wazazi wa bwana harusi. Dorotea aliiacha mwisho kwa kuiogopa. Lakini mama wa nyumba, Modesta, mwanamke mnene mwenye sauti ya kanisani, alimpokea barazani kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye yule mwenye maua? Mungu akubariki! Wageni kutoka Bukoba walikuwa wanapiga picha maua badala ya maharusi. Ile hela ilikutosha lakini? Nilimwambia mzee, laki nane kwa kazi kama ile ni ndogo."

Dorotea alikuwa akiinama kukaa. Akabaki vile vile, nusu kakaa, nusu kasimama.

"Laki nane, mama?"

"Si tulimpa shemeji yako. Alituambia maua ni ya mke wa mdogo wake, ni biashara yake, hawezi kuyachukua bure. Nikasema kweli kabisa, jasho la mtu. Nikamhesabia mwenyewe, nikamwambia, mpelekee huyo mama mkono kwa mkono." Modesta akamtazama vizuri. "Hukupewa?"

Precious ndiye aliyejibu. "Hatujapewa, bibi."

Modesta akajifunga kanga yake upya. Kisha akasema, "Alexander ametuita Jumamosi, kuvunja kamati. Nami nitakuwepo." Kabla hawajaondoka aliwapa nauli, nao wakaikataa.

*

Alexander alikuwa amekwenda Ukerewe kununua dagaa, asingerudi mpaka Jumamosi asubuhi. Dorotea akanyamaza. Hakunyamaza kwa woga. Alijua akimvaa peke yake chumbani, lile jambo lingekuwa kelele za wanawake wa uani, na Getruda angefunga bomba wiki nzima. Kwa hiyo alimenya vitunguu swaumu alivyoambiwa amenye, alichambua mchele alioambiwa achambue, alikubali hata kuazimwa sufuria yake. Usiku alilala akimpa Pius mgongo, na Pius akashukuru, maana alidhani yamekwisha.

Kuvunja kamati ni sherehe ya watu waliochangisha harusi: wanakutana baada ya shughuli, wanakula, wanashukuriana, kamati inakufa. Saa saba mchana viti vya plastiki vilikuwa vimeshapangwa uani, chini ya turubai, na Mzee Masele na mkewe wamekalishwa mbele, kwenye makochi yaliyotolewa sebuleni. Alexander alikaa karibu nao, suruali imenyooshwa, tumbo limetangulia. Pius alipewa kiti safu ya mbele. Safu ya mbele! Dorotea hakuwahi kumwona mumewe akikaa safu ya mbele ya kitu chochote.

Mweka hazina akasimama kuwashukuru waliokamilisha ahadi zao. Alitaja huyu laki tatu, yule laki mbili, watu wakapiga makofi. "Na ndugu yetu Pius," akasema, "ambaye hali yake tunaijua, lakini alijikaza: laki moja taslimu!"

Makofi yakawa makubwa kuliko ya wote. Pius akainua mkono kidogo, akitabasamu. Kule jikoni Dorotea aliyasikia. Laki moja? Pius huyu huyu ambaye mwezi uliopita alikopa elfu mbili kwa binti yake?

"Mama Precious!" Getruda akaita. "Wanawishe wageni, chakula kinapoa!"

Akachukua jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, akaweka taulo begani, akatoka. Aliwanawisha kwa heshima zote, akipiga magoti, akianza na wakubwa. Mzee Masele akanyoosha mikono, akamiminiwa. Modesta akanyoosha, akamiminiwa, akamtazama machoni. Kisha zamu ya mwenyekiti. Alexander akanyoosha mikono yake bila kumwangalia, huku akiendelea kuzungumza na mtu wa nyuma yake.

Maji hayakuja.

Akasubiri. Akageuka. "Vipi, Mama Precious, maji yameisha?"

"Maji yapo, shemeji," Dorotea akasema, naye akasimama wima. "Laki nane yangu ndiyo sijaiona."

Kulikuwa na watu kama thelathini pale na wote walikuwa na mikono mikavu. Pilau imeshapakuliwa, inafuka, na hakuna awezaye kuigusa.

Alexander akacheka. "Haya, tutaongea baadaye mambo ya nyumbani."

"Tuongee sasa. Ulipewa na huyu mama hapa, ukaambiwa uniletee mkono kwa mkono. Nimezunguka mji mzima na beseni, naomba maua yangu kama ombaomba. Wenye mageti wamenifukuza. Mteja wangu amekwenda kwingine. Na wewe hela unayo mfukoni, unanitazama nikikumenyea vitunguu!"

"Pius!" Alexander akapaza sauti. "Mtoe mkeo hapa."

Pius akanyanyuka nusu. "Mama Precious, utatutia aibu. Nawisha watu, tafadhali."

"Alexander," Mzee Masele akasema. Hakupandisha sauti. "Mke wangu hazushi. Hela ile ulimpa huyu mwanamke au hukumpa?"

"Mzee, nilikuwa namwekea. Hawa ukiwapa hela mkononi..."

"Mimi na wewe tunafanya biashara ya mali kauli. Nakupa mzigo wa dagaa leo, hela wiki ijayo. Nataka kujua kama na zangu huwa unaniwekea."

Hapo ndipo Alexander alipoinuka. Hakuinukia haki, ng'o! Aliinukia dagaa. Akaingia ndani, akakaa, watu wakatazamana, akatoka na bulungutu. Akalihesabu mbele yao kwa sauti, akizipigapiga noti, na kila elfu kumi akimtazama Dorotea kwa chuki. Alipofika laki saba akaacha.

"Saba," akasema. "Ile moja muulize mumeo. Nilimpa mkononi siku ile ile tunapakia. Alijua kila kitu, kwa hiyo usinifanye mimi mwizi peke yangu."

Dorotea akamgeukia Pius. Hakuhitaji kumuuliza. Laki moja taslimu. Jasho lake yeye, limechukuliwa, likatolewa tena mbele za watu kwa jina la mwanaume, ili apigiwe makofi na apewe kiti cha mbele.

"Nilitaka na mimi nitajwe," Pius akasema, kwa sauti ya kusikiwa na mkewe tu. "Miaka yote sitajwi, Doro. Mara moja tu."

Na kama angesema aliiba kwa njaa, labda Dorotea angelia. Lakini hili! Uchungu ukapoa, ikabaki hasira peke yake, nayo ilikuwa safi. Akazitia hela kifuani.

"Na vyumba vyangu," Alexander akasema, "mwisho wa mwezi sitaki kumwona mtu."

"Mwisho wa mwezi mbali, shemeji. Sisi tunatoka leo. Precious! Funga vitu. Anza na vile vyungu."

"Mama Precious," Pius akasema. "Mama Precious, subiri basi tuongee."

"Buswelu unapajua. Ukitaka kuja, njoo. Lakini uje ukiwa umeacha hii kazi ya kuwa mdogo wa mtu." Akavua taulo begani, akamtupia begani pake. Akampa beseni mkono mmoja, jagi mkono mwingine. "Watu wana njaa. Wanawishe."

Bajaji ilipatikana upesi, barabara ile haikosi. Walipakia magodoro mawili, sufuria, sanduku la nguo, na vyungu kumi na kimoja Precious alivipakata miguuni na mapajani, vilivyooza na vizima. Hakuna mgeni aliyekuja kuwasaidia, na hakuna aliyewazuia. Modesta peke yake alisimama mbele ya kochi lake mpaka walipomaliza, mikono aliyonawa ameishika kifuani, hajaigusisha na kitu.

Dorotea akapanda mwisho. Kutoka kwenye bajaji geti lilikuwa wazi, na uani alimwona mumewe amesimama palepale alipomwacha, jagi mkononi. Kwa muda alidhani ataliweka chini. Alimwambia dereva asubiri kidogo.

Alexander akakaa vizuri kwenye kiti, akanyoosha mikono yake mbele, bila kumtazama.

Pius akapiga magoti, akamimina.

"Twende," Dorotea akamwambia dereva.